Saa Iliyoisha Ndani ya Mita: Kwa Nini Taasisi Kubwa Haziachani na Mifumo Mikongwe?

Ilikuwa jioni ya siku ya kazi, mwezi Oktoba 2024. Nilikuwa nimeshuka mwendokasi Kimara Mwisho na kupanda kilima kuelekea nyumbani, pale jirani yangu, mama mtu mzima anayeuza mboga na mkaa, aliponiita kutoka gengeni kwake. Baada ya kumwamkia alinikabidhi simu yake. Alikuwa amenunua umeme wa shilingi elfu tano, na badala ya tarakimu 20 alizozoea aliletewa makundi matatu ya tarakimu 20. “Mwalimu,” aliniuliza, “sasa hapa naanzia wapi?”

Tukaingia ndani. Mimi nikawa msomaji, yeye mbonyezaji. Kundi la kwanza likakubali, la pili likakubali, na la tatu ndilo lililoleta uniti. Tarakimu 60 kwa jumla. Alipofunga kifuniko cha mita alinitazama na kuuliza swali ambalo limenikaa kichwani tangu siku ile: “Kwani mita nayo huwa inazeeka?”

Ndugu msomaji, leo ningependa kulijibu swali hilo kwa kirefu, kwa sababu ndani yake limo swali kubwa zaidi la utawala: kwa nini mashirika makubwa, ya umma na ya binafsi, yenye fedha na wataalamu, yanaendelea kutegemea mifumo ya kompyuta iliyopitwa na wakati?

Nianze na mita yenyewe. Mita zetu za LUKU zinafuata kiwango cha kimataifa kiitwacho STS, kilichoasisiwa Afrika Kusini na kinachotumika leo katika nchi nyingi duniani. Kila tokeni unayonunua imebeba ndani yake dakika ambayo ilitolewa. Mita huikumbuka dakika hiyo ili tokeni moja isitumike mara mbili. Dakika hizo zilihesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa ajili ya hesabu hiyo ni ya biti 24, yaani haiwezi kuvuka dakika 16,777,215. Gawanya kwa dakika 1,440 za siku moja, utapata takribani miaka 32 kasoro kidogo. Hesabu ilikuwa inafika ukomo tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana katika miezi iliyotangulia siku hiyo TANESCO iliendesha zoezi la maboresho nchi nzima. Makundi mawili ya kwanza aliyobonyeza jirani yangu yalikuwa ya kuisasisha mita, na la tatu ndilo lililobeba umeme alioulipia.

Kwa hiyo jibu fupi kwa mama yule ni ndiyo, mita huzeeka. Lakini lipo jambo ambalo sikumwambia. Siku ya mwisho ya mita ile ilijulikana tangu mwanzo. Mtu yeyote mwenye penseli na karatasi angeweza kuikokotoa mwaka 1993. Na bado, makumi ya mamilioni ya mita duniani zilisubiri hadi miaka, na kwingine miezi, ya mwisho.

Sasa nikupeleke mahali pengine. Miezi michache iliyopita nilikwenda katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, kufuatilia nyaraka. Tulikuwa watu wapatao 40 kwenye foleni. Nyuma yangu alikaa mzee mstaafu aliyetoka Mlandizi alfajiri. Baada ya saa tatu tukaambiwa maneno ambayo kila Mtanzania anayajua kwa moyo: “Mtandao uko chini.” Nilipofika kaunta, mtumishi mmoja kijana alinieleza ukweli kwa sauti ya chini. Mtandao ulikuwa mzima. Kilicholala ni programu ya zamani inayoendeshwa na kompyuta moja iliyo chumba cha nyuma, na mtu mmoja tu ndiye anayeijua, naye alikuwa likizo. “Sisi hatuigusi, Daktari,” alisema. “Ikizimwa hatuna uhakika kama itawaka.” Yule mzee aliambiwa arudi Jumatatu.

Watu wengi wakisikia habari kama hii hutoa moja ya majibu matatu: viongozi ni wajinga, watumishi ni wavivu, au kuna mtu anakula. Majibu haya yana ladha nzuri mdomoni, lakini hayatufikishi mbali. Wajinga, wavivu na walaji wapo, kama walivyo kila mahali. Ila hata taasisi yenye viongozi makini, watumishi wachapakazi na hesabu safi hung’ang’ania mifumo mikongwe. Lazima tutafute sababu zilizo ndani ya mantiki ya taasisi yenyewe. Naziona tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba mfumo mkongwe ni kumbukumbu ya taasisi. Sisi tunaoishi vilima vya Kimara tunaelewa jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani, kwa sababu tumejenga nyumba zetu kidogo kidogo. Mwaka wa kwanza vyumba viwili, mwaka wa nne sebule, mwaka wa saba choo cha ndani. Fundi wa kwanza alilaza mabomba chini ya sakafu, wa pili akaunganisha yake juu ya yale, na hakuna aliyechora ramani. Fundi wa kwanza leo yuko Kahama, wa pili ametangulia mbele ya haki. Bomba likivuja, mwenye nyumba hathubutu kuvunja sakafu, anaweka ndoo.

Mfumo wa kompyuta wa benki au wa shirika kubwa hujengwa vivyo hivyo. Kila sheria mpya ya kodi, kila waraka wa mishahara, kila msamaha uliotolewa kwa kundi fulani la wateja mwaka fulani, vyote vimeandikwa ndani ya programu na mara nyingi havikuandikwa mahali pengine popote. Anayetaka kuubadilisha analazimika kwanza kufahamu maamuzi ya miongo mitatu yaliyofanywa na watu ambao wamekwisha kustaafu. Si suala la kununua kompyuta mpya, kama ambavyo kuhama nyumba si suala la kununua kufuli jipya. Marekani, taifa lenye kampuni kubwa kuliko zote za programu, iliaibika kwa jambo hili hili Aprili 2020. Gavana wa jimbo la New Jersey, Phil Murphy, alijitokeza hadharani kuomba wataalamu wa kujitolea wanaoijua COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1959, kwa sababu mfumo wa mafao ya wasio na ajira ulizidiwa na maombi ya waliopoteza kazi wakati wa UVIKO-19.

Sababu ya pili ni hofu yenye msingi. Kubadilisha mfumo kunaweza kuiangusha taasisi. Mwaka 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha taarifa za wateja wake kwenda mfumo mpya mwishoni mwa juma moja la Aprili. Jumatatu ilipofika, wateja wapatao milioni 1.9 walijikuta wamefungiwa nje ya akaunti zao. Mtendaji mkuu aliachia ngazi mwaka ule ule. Mwaka 2022 benki ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65, na mwaka 2023 aliyekuwa mkuu wake wa TEHAMA akatozwa faini binafsi, kutoka mfukoni mwake.

Wala hatuna haja ya kwenda Uingereza. Kompyuta ya kwanza hapa nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta lilikwenda mrama na fedha za umma zikapotea, hata mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilianza kulegezwa katika miaka ya 1980, na Sera ya Taifa ya TEHAMA tuliipata mwaka 2003. Tafakari jambo hilo: mradi mmoja ulioshindwa vibaya ulizaa woga uliodumu kwa zaidi ya muongo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka, na taasisi zetu ziliwahi kuumwa.

Sababu ya tatu, ambayo kwangu ndiyo mzizi wa mambo, inahusu nani analipa. Tazama mizani anayokaa nayo mkuu wa taasisi. Akiamua kubadilisha mfumo, gharama yake inaonekana: ina fungu kwenye bajeti, ina zabuni, ina hoja ya mkaguzi, na ikishindikana ina jina lake. Akiamua kubaki na mfumo mkongwe, gharama haionekani popote. Ile foleni ya watu 40 kwa saa tatu ni saa 120 za kazi zilizopotea asubuhi moja, na hakuna kitabu cha hesabu kilichoziandika. Nauli ya mzee wa Mlandizi, kwenda na kurudi mara mbili, haimo katika taarifa ya mwaka ya ofisi ile. Taasisi inajiona imeokoa fedha, kumbe imehamisha deni kutoka kwenye vitabu vyake kwenda kwenye mifuko yetu.

Hiyo ndiyo hoja yangu kuu, na ningeomba wanafunzi wangu waishike: mfumo mkongwe hudumu pale ambapo anayeamua kubaki nao si yule anayelipia kubaki nao. Bosi ana mkataba wa miaka mitatu au mitano. Maumivu ya kubadilisha yataangukia kipindi chake, matunda yataangukia kipindi cha mrithi wake. Mtu mwenye akili timamu, katika mizani hiyo, ataahirisha. Na mrithi wake naye ataahirisha.

Adhabu zetu zinaikoleza tabia hiyo. Mei 2021 huduma ya kununua umeme wa LUKU ilikwama kwa siku kadhaa nchini, na Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, aliagiza maofisa wa TEHAMA wa TANESCO wasimamishwe kazi. Wananchi walikuwa gizani, hasira ilikuwa halali, na waziri ana wajibu wa kuwajibisha. Ninachotaka tukitazame ni somo ambalo kila meneja wa TEHAMA nchini alilichukua siku ile. Mfumo ukisimama mikononi mwako, jina lako litasomwa kwenye taarifa ya habari. Lakini je, umewahi kusikia mkuu yeyote akisimamishwa kwa sababu aliuacha mfumo uzeeke miaka kumi na mitano bila mpango wa kuurithisha? Mimi sijawahi. Tunamwadhibu aliyeshika usukani gari lilipozimika, tunamwacha aliyekataa kulipeleka gereji.

Atajitokeza mtu aseme: basi kama kubadilisha ni hatari hivyo, si heri kubaki? Hoja hii inastahili heshima, na nitaipa heshima yake. Si kila kikongwe ni kibovu. Mita ile ya jirani yangu haihitaji intaneti wala kompyuta kubwa ya kuisimamia. Inahitaji vidole na tarakimu 20, na kwa njia hiyo imefanya kazi mjini na vijijini, penye mtandao na pasipo mtandao, kwa miongo mitatu. Ni programu ngapi za simu zilizozinduliwa kwa mbwembwe na mawaziri ambazo hazikufikisha hata miaka mitatu? Anayechukia mfumo kwa sababu tu ni wa zamani ni sawa na anayeupenda kwa sababu tu ni mpya; wote wawili hawajautazama.

Hata hivyo kubaki nako kuna siku yake ya hukumu. Desemba 2022 shirika la ndege la Southwest la Marekani lilipigwa na dhoruba ya baridi kama mashirika mengine. Wenzake walinyanyuka baada ya siku chache. Lenyewe lilifuta safari karibu 17,000, kwa sababu programu yake ya kupanga marubani na wahudumu ilishindwa kuhimili mabadiliko mengi kwa wakati mmoja. Vyama vya wafanyakazi wake vilikuwa vimeonya kwa miaka. Mwaka uliofuata lilitozwa faini ya dola milioni 140. Southwest halikuukwepa mtikisiko kwa kuahirisha. Lilichopoteza ni haki ya kuchagua siku ya mtikisiko wenyewe.

Na inawezekana kubadilika. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 ikiendeshwa na mitambo iliyokuwa nje ya nchi. Mwaka 2015 ilihamishiwa Kenya kwenye mfumo mpya, wakati mamilioni ya watu wakiitegemea kununua unga na kulipa ada. Hapa kwetu, Serikali ilitumia kwa takribani miaka 20 programu ya kigeni ya Epicor katika uhasibu wake, kisha kuanzia mwaka wa fedha 2019/20 ikaanza kuhamia MUSE, mfumo uliojengwa na wataalamu wa ndani. Sisemi MUSE haina kasoro; waulize wahasibu wa halmashauri watakueleza. Nasema kwamba Serikali ambayo iliwahi kupiga marufuku kompyuta kwa sababu ya mfumo wa hesabu ulioshindwa, leo imejenga wenyewe mfumo wa hesabu. Umbali huo si mdogo.

Turudi kwenye LUKU, kwani ndiyo yenye somo la mwisho. Kwa nini zoezi la 2024 lilifanyika, wakati mageuzi mengine mengi hulala kwenye makabrasha? Halikufanyika kwa sababu viongozi walipata ghafla upendo wa teknolojia. Lilifanyika kwa sababu palikuwa na tarehe. Tarehe 24 Novemba haikuweza kusogezwa na kamati, wala kuahirishwa hadi bajeti ijayo, wala kuombewa nyongeza ya muda. Kwa mara moja, gharama ya kubaki ilikuwa na siku inayojulikana, na ingemwangukia anayeamua na si mteja peke yake.

Basi tuipe mifumo yetu mingine tarehe zake. Mapendekezo yangu ni manne. Mosi, kila taasisi ya umma, na kila kampuni inayotoa huduma ya lazima kama benki na simu, itangaze kila mwaka orodha ya mifumo inayoitegemea, umri wa kila mmoja, na mwaka unaokusudiwa kuustaafisha. Mtumishi wa umma anastaafu kwa lazima akifika miaka 60 na tarehe yake inajulikana siku anapoajiriwa. Iweje kompyuta anayoitumia isiwe na tarehe? Pili, kusiwe na mfumo unaojulikana na mtu mmoja. Mkaguzi anayeuliza risiti ya mafuta ya gari aulize pia: huyu akiugua kesho, nani anaujua? Tatu, saa za foleni zihesabiwe. Ofisi inayosema mtandao uko chini iandike uko chini tangu lini, kwa watu wangapi, na taarifa hiyo ibandikwe ukutani pale wananchi wanapoisoma. Nne, meneja anayetoa onyo la maandishi kwamba mfumo umechoka alindwe, na bosi aliyelipokea onyo akalifungia kabatini ndiye aulizwe siku mfumo unapoanguka.

Wanaharakati, nawasihi mlitazame hili kama suala la haki, kwa sababu anayekaa muda mrefu zaidi kwenye foleni ni maskini. Mwenye uwezo ana namba ya simu ya mtu wa ndani. Watumishi wenzangu wa umma, najua mnayajua haya kuliko mimi, na wengi wenu mnaendesha ofisi kwa daftari na uvumilivu huku mkitukanwa kwa makosa ya kompyuta. Andikeni. Barua yenye tarehe na nakala ina uzito ambao malalamiko ya kantini hayana.

Na kwenu wanafunzi: kiwango kile cha mita kimeweka mwanzo mpya wa kuhesabia, mwaka 2014. Ukomo wake unafika mwaka 2045. Wakati huo mimi nitakuwa mstaafu, huenda nami nikiwa nimekaa kwenye benchi la ofisi fulani nikisubiri nyaraka. Ninyi mtakuwa na umri nilio nao leo, na ndio mtakaokuwa mmekaa upande wa pili wa kaunta. Tarehe mmeshaambiwa.

Wiki iliyopita nilipita tena gengeni kwa jirani yangu kununua mchicha. Umeme wake unaingia kwa tarakimu 20 kama zamani. Nilimwambia mita yake sasa ina umri mwingine wa kuishi, hadi 2045. Alicheka sana. “Basi Mwalimu,” alisema, “safari hiyo watusomee wajukuu.”